Mnyama mzima, shetani, rangi au alama: uchague nini kwa ukuta wa Mombasa

Ukipita Moi Avenue chini ya zile pembe za alumini, unamwona ndovu ilhali ndovu hayupo. Hapana mkonga, hapana masikio, hapana miguu. Ni pembe nne tu, jozi mbili zinazopishana juu ya barabara, zilizosimamishwa miaka ya 1950 kwa ajili ya ziara za jamaa ya kifalme ya Uingereza. Leo anayeziona hawazi ufalme, anawaza Mombasa.

Tunaanzia hapo kwa sababu wengi wanaotafuta picha ya mnyama kwa sebule, ofisi au nyumba ya wageni huuliza kwanza "mnyama gani?", kisha wakaishia na simba wa machweo ambaye angetundikwa popote duniani bila kubadilika maana. Kuna swali linalofaa kutangulia: mnyama abaki kiasi gani? Jibu lake ndilo linaloamua kama picha itakubalika katika nyumba hiyo na kama wanaoingia wataisoma. Hata jinsi itakavyostahimili hewa yetu ya chumvi inategemea hilo, maana kila njia ina vifaa vyake.

Njia tunazolinganisha ni nne: mnyama mzima wa Tingatinga, shetani wa Kimakonde, mnyama wa rangi, na mnyama wa alama. Hatuzipi nafasi sawa. Ya nne ndiyo iliyo karibu zaidi na Pwani, kwa hiyo tutakaa nayo zaidi.

Kipimo cha fahali

Kati ya Desemba 1945 na Januari 1946, mjini Paris, mchoraji Picasso alichapa fahali mmoja mara 11 kwa litografia, yaani kuchapa mchoro kutoka kwenye jiwe. Wa kwanza ni fahali kamili, mwenye nyama na manyoya. Hatua zinazofuata zinamnenepesha, zinamkata vipande kama mchinjaji anavyogawa mnofu, halafu zinaondoa kila kisichohitajika. Wa mwisho ni mistari michache, na bado ni fahali.

Kipimo hicho kinakufaa hata kama hupendi kazi za Picasso. Kabla mchoraji hajagusa rangi, mwombe michoro 3 ya penseli ya mnyama yuleyule: mmoja anayetambulika mara moja, mmoja uliopunguzwa nusu, na mmoja wa mistari isiyozidi kumi. Waonyeshe watu wa nyumbani bila kuwaambia ni mnyama gani. Ukitaka picha inayotambulika na mgeni, mchoro ambao hakuna aliyeutambua haukufai, uwe mzuri namna gani.

Kosa linalojirudia ni mchoraji kuondoa kile kinachomtofautisha mnyama na kubakiza kinachompendeza yeye. Mwili wa mnyama wa miguu minne ukiurahisisha unakuwa gogo, na gogo la punda halina tofauti na gogo la ng'ombe. Kinachopaswa kubaki ni sehemu ambayo mnyama mwingine hana: masikio ya punda, makasia ya kasa, pezi la papa, madoa ya kanga.

Wakati mwingine hata sehemu haibaki, unabaki mwendo. Sanamu ya mchongaji Brancusi iitwayo Ndege Angani haina mbawa wala mdomo. Ni shaba nyembamba iliyong'arishwa, inayopanda juu. Ilipofika Marekani mwaka 1926 forodha waliitoza ushuru wa asilimia 40 kama kifaa cha chuma, maana hawakumwona ndege. Kesi iliamuliwa mwaka 1928, na mahakama ikakubali kuwa ni sanaa. Ukiagiza kazi iliyoondolewa kiasi hicho, ukubali kwamba wageni wako nao watauliza, na uwe radhi kuwajibu.

Tingatinga: mnyama mzima

Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru kusini mwa Tanzania, alianza kuchora Dar es Salaam karibu na mwaka 1968 na akafariki mwaka 1972. Miaka minne tu, na mtindo ukabeba jina lake. Alitumia alichokipata: mbao nyembamba za ujenzi, yaani hadibodi, na rangi ya kung'aa ya kupaka baiskeli na milango. Mandhari yake ni rangi moja au mbili zinazoingiliana. Mnyama anajaza nafasi yote, na mwili wake umejaa vidoa na mistari.

Wengine hukataa kuuita mtindo huu dhahania, yaani usiomwonyesha kiumbe alivyo. Lakini tazama chui wa Tingatinga: madoa yake hayafuati ngozi ya chui yeyote, yanafuata mpangilio wa picha. Udhahania uko kwenye pambo. Umbo limeachwa zima.

Faida yake ni kusomeka kwa haraka. Kwa mkahawa, hoteli ya ufukweni Bamburi au chumba cha watoto, hakuna kinachoishinda. Udhaifu wake kwa Mombasa ni wa utambulisho. Wanyama wake ni wa nyika, na asili yake ni Dar es Salaam. Kuitundika na kuieleza wageni kuwa ni sanaa ya Waswahili wa Mombasa ni kuazima nguo ya jirani na kuiita yako. Iite jina lake, inatosha.

Ukinunua, angalia mambo mawili. Rangi ya kung'aa hukauka juu kwa siku moja, ila ndani huchukua wiki na zaidi, hasa miezi ya unyevu. Picha ya kitambaa ikikunjwa mapema, rangi hunata na kung'oka inapokunjuliwa. Bonyeza pembeni kwa ukucha. Ukiacha alama, bado. Na kama ni hadibodi, chungulia nyuma: upande usiopakwa kitu hunyonya unyevu, ubao ukapinda kama sinia. Koti moja la vanishi nyuma na kwenye kingo huzuia hilo, nalo lipakwe kabla ya kuweka fremu.

Shetani wa Kimakonde

Hapa mnyama na mtu wamechanganyika hadi huwezi kuwatenga: sikio la sungura kwenye fuvu la mtu, mdomo wa ndege, tumbo lililo wazi. Mtindo huu wa shetani ulizuka Dar es Salaam miaka ya 1950, na mchongaji anayetajwa kuuanzisha ni Samaki Likankoa. George Lilanga, aliyeishi 1934 hadi 2005, aliwatoa viumbe hao kwenye mpingo akawatia kwenye rangi, wakacheza na kugombana kwenye turubai.

Kama unatafuta udhahania wa dhati uliozaliwa Afrika Mashariki, huu ndio wenye nguvu kuliko yote. Lakini ufikirie nyumba. Jina lenyewe, shetani, halipokelewi vyema katika nyumba nyingi za Mombasa, na kinyago ni umbo la kiumbe lenye kivuli, jambo ambalo Waislamu wengi hulikwepa zaidi hata kuliko picha ya ukutani. Kwa ofisi ya kampuni au ukumbi wa hoteli, sawa. Kwa zawadi ya harusi Mji wa Kale, hapana.

Mpingo wa kweli ni mzito kiasi kwamba huzama ukiutia majini. Sokoni hutaweza kuutia majini, basi tazama chini ya kitako: mpingo una mti wa nje wa rangi ya maziwa ya kuiva, na wachongaji wengi huacha ukanda wake. Weusi ulio sawa kila mahali, mpaka ndani ya mikwaruzo, ni wa kutilia shaka. Sugua mahali pasipoonekana kwa kitambaa cheupe chenye maji kidogo. Kikitoka cheusi, hiyo ni dawa ya viatu juu ya mti mwingine. Mpingo halisi nao una maradhi yake. Ukitoka kwenye duka lenye joto ukawekwa mbele ya kipoza hewa, hupasuka kwa urefu, kwa sababu nje hukauka kabla ya ndani. Uweke mbali na upepo wa mashine, na miezi ya kwanza uupake mafuta mepesi mara moja kwa mwezi.

Usichanganye haya na vinyago vya Wakamba vya Changamwe, ambako ushirika wa wachongaji ulianza mwaka 1963. Kule mnyama huchongwa alivyo, kwa ulaini wa mkono ambao ni ufundi mkubwa, lakini si dhahania. Ukinunua huko, ulizia mwarobaini au jakaranda. Muhugu umekatwa mno misituni.

Mnyama wa rangi

Franz Marc, mchoraji wa Ujerumani, alichora farasi wa bluu na ng'ombe wa njano mwaka 1911. Aliiandikia rangi kanuni katika barua ya Desemba 1910 kwa rafiki yake August Macke: bluu ni ya kiume na ya kiroho, njano ni ya kike na yenye furaha, nyekundu ni maada, nzito na katili. Aliuawa vitani Verdun mwaka 1916.

Wachoraji wetu wengi wameipokea njia hii bila kujua jina lake: kobe wa zambarau, punda wa waridi. Inapendeza. Shida ni kwamba kanuni ya Marc haisomeki Pwani. Nyekundu, nyeupe na nyeusi ndizo rangi tatu za vitambaa vya waganga wa Kimijikenda, na nyeusi hiyo mara nyingi ni kaniki, inayoegemea bluu. Nyeupe ni kanzu ya Ijumaa na ni sanda. Nyekundu, nyeusi na nyeupe zikikaa pamoja kwenye kanga ya kisutu, ni harusi. Mnyama mwekundu mwenye mgongo mweusi kwenye ukuta mweupe hatasomwa na bibi wa Kaloleni kama alivyosomwa Munich, mjini kwa Marc.

Kwa hiyo mnyama wa rangi anafaa kama unamjua mchoraji na umemuuliza kila rangi inafanya nini. Jibu likiwa "inapendeza tu", bei nayo iwe ya pambo.

Mnyama wa alama

Pwani imekuwa ikimtaja mnyama kwa kipande chake kwa muda mrefu kabla ya neno dhahania kuingia vitabuni. Omo, yaani sehemu ya mbele, wa mtepe, chombo cha baharini kilichoshonwa kwa kamba bila misumari, ulichongwa ukafanana na shingo na kichwa cha ngamia, na mapokeo husema ni ukumbusho wa ngamia wa Mtume. Ubavuni ulitiwa jicho la mviringo. Ngamia hayupo, kichwa chenyewe ni ubao tu, lakini chombo kinatazama. Kwenye milango ya kuchonga ya Pwani samaki amekuwa magamba yaliyopangwa chini ya mwimo, na wengi humsoma kuwa ni uzazi na riziki. Na kanga, vazi la mama zetu, husemekana lilipewa jina la ndege kwa sababu ya madoa meupe kwenye mandhari ya giza. Ndege mzima alipotea, madoa yakabaki, na madoa yakatosha kuupa vazi jina.

Huu ndio urithi ambao mchoraji wa leo wa Mombasa anaweza kuuendeleza bila kuazima. Una faida nyingine ya wazi. Katika nyumba nyingi picha ya chenye roho haitundikwi sebuleni, na mara nyingine haitundikwi kabisa. Jicho la mtepe, magamba ya samaki au pembe zilizopishana haziwi kiumbe kilichochorwa kikiwa hai. Hata hivyo nyumba hazifanani: wapo wasiokubali hata jicho. Muulize mwenye nyumba kabla ya kuagiza, na umwonyeshe mchoro wa penseli, usimweleze kwa maneno tu.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba ikikosewa inakuwa pambo la bitana. Madoa mengi yasiyo na kiini hayasemi kanga wala chui. Dawa ni kuwa na sehemu moja tulivu, karibu theluthi ya picha, isiyo na alama yoyote, ili jicho lipate pa kulinganishia.

Wengi huagiza kazi ya alama juu ya kanga yenyewe, na hapo ndipo makosa hutokea zaidi. Kanga ina sehemu tatu: pindo, mji na jina, yaani yale maneno yaliyo chini ya mji. Kipande kimoja kina karibu sentimita 150 kwa 110. Ukikunja sentimita 5 kila upande kuzunguka mbao, fremu yako ni 140 kwa 100, na pindo litapungua upana. Anayetaka picha ya mraba ya 100 kwa 100 apime kwanza urefu wa jina. Kanga iliyokatwa katikati ya methali inasema neno ambalo hukulikusudia. Chagua jina kwa uangalifu uleule unaouchagulia mnyama, kwa sababu msomaji wa Pwani ataanza na maneno.

Kazi yenyewe hufuata mpangilio huu. Doti mpya huwa na dondo la kiwandani, kwa hiyo loweka kipande kwenye maji baridi usiku mmoja, suuza mpaka maji yatoke safi, anika kivulini. Nyekundu ya kisutu huchuja sana. Isipotolewa mapema, rangi ya maji ya akriliki itaivuta, na nyeupe yako itakuwa waridi. Tandaza kitambaa cha marekani kisichotiwa rangi juu ya fremu kwanza, ukivute sawa, ndipo kanga ije juu yake. Bila marekani, kanga hulegea ikifika Aprili mvua zikianza, na katikati hufanya tumbo. Anza kupigilia katikati ya kila upande, kisha nenda kwenye pembe. Ukianzia pembeni mistari ya pindo itapinda na haitanyooka tena. Akriliki ipakwe nyembamba, tabaka mbili au tatu. Rangi ya kung'aa ya mbao usiitumie hapa, maana kitambaa hucheza na rangi hiyo haichezi, mwishowe inapasuka.

Biashara Street ndipo pa kutafutia kanga. Nyumba ya Kaderdina Hajee Essak, yenye alama ya Mali ya Abdulla, imekuwepo Mombasa tangu 1887. Usinunue kipande kimoja kilichobaki. Nunua doti, kipande cha pili kiwe akiba endapo cha kwanza kitaharibika.

Basi mnyama yupi?

Ndovu (kwa wengi huku tembo ni pombe ya mnazi, kwa hiyo kichwa cha picha kiandikwe "ndovu") anabeba mji kwa sababu ya zile pembe, na anafaa ofisi. Samaki anakubalika karibu kila mahali. Punda na paka wanasema Lamu na Mji wa Kale, na wanapendeza kwa mistari michache. Kobe na kiboko wakiwa pamoja kila mtu hapa anawajua: Mzee na Owen wa Haller Park, kiboko aliyeokolewa Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004.

Wawili wanahitaji uangalifu. Kuku na vifaranga kwa Wagiriama si picha ya shamba. Husimuliwa kwamba mwaka 1913 Mekatilili wa Menza, kiongozi wao wa kupinga ukoloni, alimtaka ofisa wa Kiingereza ajaribu kumnyang'anya kuku kifaranga. Kuku akamdonoa, naye Mekatilili akasema ndivyo watakavyopata wakija kuchukua vijana wetu. Ni alama kuu ya kukataa, na inastahili ukuta wa shule au wa mtetezi wa haki. Fisi naye, ambaye kwingine ni wa kuchekwa, kwa Wagiriama ni jina la kiapo kizito ambacho Mekatilili alikitumia kuwafunga wanaume. Usimchore fisi wa kichekesho ukamtundika Kaloleni au Mariakani.

Kigango hakimo katika ulinganisho huu, ingawa pembetatu zake zilizokatwa kwenye ubao zinaonekana kama udhahania wa leo. Ni kumbukumbu ya mzee wa chama cha gohu cha Wagiriama, imesimikwa kwa ajili ya marehemu, na vingi vimeibwa. Ukiuziwa, kataa. Kataa pia gamba la ng'amba na pembe halisi za ndovu ndani ya kazi mchanganyiko. Sheria ya wanyamapori ya Kenya ya 2013 inakataza, na kumiliki tu bila kibali ni kosa.

Ukutani

Ukuta wa mawe na chokaa wa Mji wa Kale haushiki msumari: chokaa humong'onyoka, na picha hushuka usiku. Toboa kwa drili hadi ufikie jiwe, tia plagi ya plastiki, kisha skrubu. Katikati ya picha pawe sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni. Juu ya kochi, acha sentimita 15 hadi 20. Bandika vipande vya kizibo vya sentimita 1 kwenye pembe za nyuma ili hewa ipite, la sivyo kuvu huanzia pale picha inapogusa chokaa, na kwenye kanga huacha madoa ya kahawia yasiyotoka. Usitundike kitambaa kwenye ukuta wa nje unaopigwa na mvua ya kusi. Kanga isiyo na kioo hupauka kwa jua la dirishani.

Ukiagiza, lipa nusu mwanzo na nusu ukishaiona mchana, kwenye mwanga wa jua, kwa sababu taa za duka huficha kasoro. Mwombe mchoraji aandike nyuma, kwa kalamu isiyofutika: jina lake, mwaka, aina ya rangi, na mnyama ni yupi. Hilo la mwisho wengi hulisahau, na kwa kazi ya alama ndilo ambalo wajukuu watakuja kulitafuta.